Msichana wa Dungu la Pili

Mpunga wa Mama Eveline ulikuwa umeanza kutia maziwa, na tangu alfajiri Odilia alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti, akiamia ndege wasile mpunga. Shule ilikuwa imefungwa. Kundi likitua, alivuta kamba yenye makopo na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Dungu la pili, upande wa njia iendayo Ifakara, lilikuwa la dada yake mkubwa, Eveline, lakini asubuhi hiyo Eveline alikuwa kibandani na mama, macho yamemvimba kwa kulia.

Odilia alijua kisa cha machozi hayo. Juzi Beatus, fundi seremala wa kijiji cha Mofu, alimpa kitenge ampelekee Eveline. Ilieleweka kwamba msichana akikipokea, mshenga aje; kikirudishwa, hataki. Odilia alikificha mpaka jioni, akakirudisha. "Dada amekataa," alimwambia Beatus bila kupepesa macho. Dada akiolewa, yeye angebaki na nani? Aliona uchungu kufikiria hivyo, basi akaona afadhali wengine waumie. Sasa Eveline alikuwa amesikia kwamba Beatus anahama, wala hakujua kwa nini.

Alipoinua macho, dungu la pili lilikuwa na mtu.

Alikuwa msichana mwenye gauni kama lake, lenye mkono uliochanika. Uso ulikuwa wake mwenyewe. Upepo uliutikisa mpunga wote, lakini gauni la yule halikutikisika.

"Nyamaza tu," yule alisema kwa sauti ya Odilia, ile ile iliyomnong'oneza moyoni juzi. "Beatus anapanda treni leo, haonekani tena. Dada atakuwa wetu."

Na kweli, Beatus alikuwa anakuja njiani na baiskeli, sanduku la zana limefungwa nyuma. Ndege walitua wakala mpunga, wala Odilia hakugusa kamba.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikirudishe," alinong'ona.

"Mikono ilikuwa ya nani?"

Odilia akashuka. Ili afike njiani ilimbidi apite chini ya dungu lile. Yule akainama, nyuso zikakaribiana.

"Ukisema, Eveline atakuchukia."

"Na anichukie," Odilia alisema, akimtazama machoni ingawa alitamani kukimbia. "Juzi nilikufuata. Leo sikufuati."

Dungu likawa tupu. Odilia akatimua mbio.

"Kaka Beatus, subiri! Dada hakukataa. Hata hakukiona kitenge. Nilikudanganya."

Beatus aliweka mguu chini, akamsikiliza. Kisha akageuza baiskeli kuelekea kibandani. Huko alikitoa kitenge sandukuni, akaeleza kilivyorudishwa; Eveline alikipokea kwa mikono miwili, na hakumtazama mdogo wake.

Odilia alimsimulia mama yote, pamoja na habari za yule msichana. Mama hakucheka.

"Huyo hakutoka porini, mwanangu. Hata mimi ninaye wangu, huja ninapotaka kitu kwa hila. Ukijifanya humwoni, ndipo anapokuongoza. Mtazame, umkatalie, useme kweli mapema kabla mtu hajaumia. Wewe ulichelewa, na dada yako ameumia. Nenda kamweleze, usifiche kitu."

Odilia akaenda. Eveline alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka ili mdogo wake apate pa kukaa.