Dhahabu ya Marlene

"Lowell, umeipaka nini?"

Marlene hakupiga kelele. Alisimama kando ya sinki, sarafu kiganjani, kioo cha kukuzia jichoni. Mumewe akaweka gazeti chini.

"Dawa ya meno kidogo, na mswaki. Ilikuwa imefifia. Nikasema nikushtukize kwa siku yetu ya ndoa."

Ilikuwa dhahabu ya dola tano, ya mwaka 1795. Marlene aliisaka miaka kumi na tisa, kila wikendi kwenye maonyesho ya sarafu, leo Baltimore, kesho Cleveland, mpaka akaipata kwa mjane mmoja palepale kwao Lancaster. Ule wekundu wake wa karne mbili, ambao wapimaji wa sarafu huutafuta kwanza, ulikuwa umekwenda na maji. Sasa ilimetameta kama kifungo cha koti jipya, imejaa mikwaruzo myembamba kama nywele.

Akapiga picha, akamtumia Delphine, rafiki yake mpimaji, kisha akampigia.

"Ni halisi, hilo halina ubishi," Delphine akasema. "Ila daraja la ubora hutapata, shoga yangu. Wataandika 'imesafishwa', basi. Nani kakufanyia unyama huu?"

"Lowell. Hakujua."

Delphine akaaga haraka. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia:

"Nisamehe Marlene, siwezi kukuficha. Lowell alinipigia Jumanne, akaniuliza dawa ya meno inaharibu dhahabu ya zamani? Nikamwambia inaiua kabisa."

Marlene akausoma mara mbili, akaisukuma simu mezani.

"Soma."

Lowell akasoma. Mabega yakamshuka.

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini, Lowell?"

"Nimepasuliwa goti, wewe uko Cleveland. Mama yangu anazikwa, ukatoka kanisani kupokea simu ya mnada. Nikachoka. Nikasema bora unikasirikie, angalau utakuwa umeniona."

"Si ungesema!"

"Nilisema. Ulikuwa unaniitikia 'mmh'."

Marlene alitaka kufoka, nguvu zikamwisha. Ile 'mmh' aliijua. Aliitoa kila siku bila kuinua macho.

"Uliyosema ni kweli," akasema mwishowe. "Na ulichofanya ni ubaya mtupu. Hakuna kinachofuta kingine."

"Nifungashe nguo?"

Akamtazama. Mashavu yamelegea, ndevu zimenyolewa vibaya chini ya kidevu. Amekonda lini hivi?

"Kesho, kama bado utataka. Sasa hivi kaa. Kuna kitu kingine hukuwahi kuniambia?"

"Viko vingi, Marlene."

"Anza na kimoja."

Lowell akavuta kiti. Mwanzoni alisitasita kama mgeni, halafu maneno yakaanza kutoka. Simu iliita mara tatu pale mezani. Marlene hakuigusa.