Povu na Tyubu ya Wifi Yake

Katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wageni walifanya kazi wanawake wawili. Mmoja watu walimwita Povu. Alikuwa amefua tangu usichana wake, na hasira zake zilipanda upesi kama sabuni kwenye maji ya moto. Wa pili alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Waliishi ua mmoja na kutoka pamoja kila asubuhi. Shuka kubwa walizikamua pamoja, huyu akishika huku na yule kule.

Walikuwa chanda na pete. Kisha vikaja vidonda.

Vilianza kama vipele vyekundu, kutoka vidoleni hadi karibu na viwiko. Vikawasha, vikapasuka, vikatoa maji. Sabuni ya unga ilipovigusa, Povu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Msimamizi wa nyumba ya wageni akawaita wote wawili.

"Jamani, mwenye vidonda hagusi shuka za wageni. Nendeni hospitali. Mkipona, kazi yenu ipo. Kwa sasa fagieni ua."

Povu, bingwa wa kufua, ashike ufagio! Alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu.

Hospitalini walimkuta daktari wa ngozi, mama mmoja mcheshi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliitazama mikono yao, akawauliza wanatumia sabuni gani. Kisha akawaambia:

"Nina dawa mbili za kupaka. Moja ni ya zamani, tunaitumia siku zote. Nyingine ni mpya. Imeshapimwa kwa watu wachache, haikuwadhuru. Lakini hatujui kama inaponya kuliko ile ya zamani. Ndiyo maana tunafanya utafiti. Anayetaka ataingia. Asiyetaka atatibiwa kama kawaida, wala sitanuna. Hata aliyeingia anaweza kutoka siku yoyote."

"Nani atapata hiyo mpya?" Povu aliuliza upesi.

"Kura itaamua. Tyubu zote zinafanana, zina namba tu. Hata mimi sijui ipi ni ipi."

"Daktari mzima, hujui dawa unayompa mgonjwa?"

Daktari akacheka. "Sijui, na sitaki kujua! Nikijua, macho yangu yatapendelea. Nitasema kidonda kimepona kumbe bado. Siri ya namba iko kwa mwenzangu wa ofisi nyingine. Mgonjwa akipata shida, nampigia simu, ananiambia."

Wote wawili walikubali. Daktari akawapa tyubu, kila mmoja na namba yake, akawaonya wasipeane dawa. Lolote likitokea, hata dogo, waseme. Akaongeza kwamba mikono isuuzwe sabuni yote, ikaushwe vizuri, na wakati wa kazi wavae glavu za pamba ndani na za mpira nje.

Wifi alisikiliza kila neno. Povu hakusikia habari za glavu. Alikuwa anaikodolea macho tyubu ya wifi.

Baada ya muda mikono ya wifi ilikauka. Ngozi mpya ikatokea, laini kama ya mtoto. Msimamizi akamrudisha kwenye shuka. Mikono ya Povu ikabaki na nyufa, na ufagio ukabaki wake.

"Mke wangu amepona," kaka yake alisema wakati wa chakula, huku anatabasamu. "Tazama vidole hivi, kama vya bibi harusi!"

Povu akasukuma sahani yake.

"Si amepewa dawa mpya," alisema.

"Wifi, hatujui nani kapewa ipi," wifi alijibu kwa upole.

"Wewe hujui. Mimi ninajua. Ulimchekea sana yule daktari."

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Povu kooni kama mwiba wa samaki. Wifi akiimba, aliona anamsimanga. Wifi akinyamaza, aliona anaringa. Hata upole wake ulimuudhi, maana mtu mpole huwezi kugombana naye ukashinda.

Basi akafanya jambo ambalo dobi tu angeweza kulifanya. Shuka mpya huja na karatasi za bei zilizobandikwa, na dobi huzibandua kwa mvuke wa pasi bila kuzichana. Siku moja wifi alipokwenda kuanika, Povu alichukua tyubu zote mbili, akaziweka juu ya mvuke. Karatasi za namba zikalegea. Akazibadilisha, akazikandamiza kwa kidole gumba. Namba zikabaki kwa wenyewe. Dawa ndiyo iliyohama.

"Sasa tuone," alijisemea.

Hakukaa sana akaona. Mikono yake haikupona hata kidogo. Wifi alipopaka mara ya pili, mkono ulianza kuvimba. Kesho yake ulijaa malengelenge hadi begani, na jicho moja likafumba. Kaka akambeba mkewe hospitali, na Povu akafuata nyuma.

Daktari alishangaa. "Dawa hii ulikuwa unaipaka tangu mwanzo, na ilikukubali. Umebadilisha sabuni? Umekula kitu kipya?"

"Hapana, daktari," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Ni tyubu ileile. Namba yangu hii hapa."

"Basi nampigia mwenzangu aniambie ni dawa gani. Nikijua, nitajua la kufanya."

Aliongea kwenye simu, kisha akakunja uso. "Ajabu. Hii ni dawa ya zamani. Nimeitumia kwa watu wengi sana, sijapata kuona hivi. Basi si dawa. Labda ni ugonjwa mwingine. Endelea kupaka huku tukitafuta."

Endelea kupaka! Povu aliutazama ule mkono uliovimba. Akisema, kaka yake atamfukuza uani. Asiposema, wifi atapakwa sumu kwa mkono wa daktari.

"Msimpake!" alipiga kelele. "Iliyomo humo si dawa yake, ni yangu. Nilibadilisha namba. Nilimwonea wivu. Nilitaka kupona kama yeye."

Kaka yake akamsogeza mkewe mbali naye. Daktari alichukua simu tena, akataja namba ya Povu. Aliposikiliza, akatikisa kichwa.

"Tyubu uliyopewa wewe ndiyo iliyokuwa na dawa mpya," alimwambia Povu. "Mwenzako alikuwa na ile ya zamani. Umeiacha mpya mwenyewe, ukaiba ya zamani."

Povu akakaa chini sakafuni.

Daktari hakupoteza muda. Aliiosha ile dawa kwenye mkono wa wifi, akampa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, akamlaza. Wifi alipopata nafuu kidogo, daktari alikaa karibu na Povu.

"Nisingejua ukweli, ningeandika kwamba aliyevimba alikuwa anapaka dawa ya zamani. Uongo huo ungefika mbali. Chumba cha jirani wanachunguza jinsi seli, yaani chembe hai, za moyo zinavyokufa moyo ukikosa damu. Chembe za ngozi zikifa huota nyingine. Za moyo hazioti kirahisi hivyo. Fikiria mgonjwa wa moyo angebadilisha namba."

"Lakini kwa nini wifi alipona na dawa ya zamani, mimi mpya isinisaidie?"

"Ulivaa glavu?"

"Za nini? Nilikuwa nafagia tu, na jioni nafua nguo za nyumbani," Povu alisema.

"Mwenzako alivaa zote mbili, za pamba na za mpira. Wewe kila jioni ulikuwa unafua kwa mikono mitupu. Dawa haishindani na sabuni kila siku."

Wifi akamwita kutoka kitandani. "Wewe Povu! Ungeniomba tu, ningekupa."

"Na hilo nalo ni kosa!" daktari akasema, na wote watatu wakacheka, Povu huku analia. Kaka ndiye hakucheka. Alinuna wiki nzima, na ilikuwa haki yake.

Povu alianza kuvaa glavu. Alisuuza, akakausha, akapaka dawa ya zamani aliyopewa na daktari. Polepole nyufa zikaziba, na msimamizi akamrudisha kwenye shuka.

Utafiti ulipokwisha, daktari aliwaita wote walioshiriki, akawaeleza majibu. Dawa mpya iliwaponya wengi mapema zaidi. Lakini wachache iliwavimbisha. Kwa hiyo kila tyubu ya dawa hiyo sasa ina onyo: paka kwanza sehemu ndogo, usubiri, ndipo uendelee.

Wifi alilisoma onyo lile mara mbili, akatabasamu. "Hili limetoka kwenye mkono wangu," alisema.

Povu akahisi ule mwiba wa zamani ukimchoma tena kooni, kidogo tu. Akaumeza, akashika ncha ya shuka.

"Kweli, wifi. Haya, shika huko, tukamue."