Taa ya Korido

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kwa fundi redio, nimeikumbatia taa yangu kama mtu aliyeiba kuku. Mwanangu, Bwana Mdogo, nilimwachia mama mkubwa.

Taa hiyo niliiunda mwenyewe. Ukishambeba Bwana Mdogo kwa mikono yote miwili, nani atakupapasia swichi ya korido? Nikachukua sensa, kile kidude kinachohisi mtu akipita, ya king'ora kibovu cha wezi, betri za tochi na kopo la mafuta ya kujipaka, nikalehemu waya juu ya meza ya kulia chakula. Mume wangu, kabla hajasafiri kikazi, aliniuliza kama siku hizi tunakula waya. Acha acheke. Ukipita, inawaka. Ukishapita, inazima. Hata paka alipopita iliwaka, akatimua mbio.

Ilimgomea mama mkubwa tu.

Alikuja bila taarifa, na kibegi kidogo. Sikuwa nimemwona tangu utotoni. Alisema amekuja kunisaidia kulea, na kwa uchovu niliokuwa nao, hata shetani ningempokea mzigo. Akipita amembeba mtoto, taa iliwaka. Akipita peke yake, giza. Nilisikia ndala zake tu. Chwa... chwa... Na nyuma yake harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

Fundi alipitisha mkono mbele ya kopo. Ikawaka. Akapitisha kipande cha ubao. Kimya.

"Nzima kuliko mimi," akasema. "Na umelehemu vizuri, shemeji, utaniharibia riziki. Ila kitu hiki hakimwoni mtu. Kinaona joto linalopita."

"Na mtu akipita kisimwone?"

Akacheka. "Basi mfunike blanketi, ana baridi huyo."

Nami nikacheka. Njiani kicheko kikaniisha. Nilikumbuka vile vidole vya baridi kila alipompokea mtoto. Nikakumbuka anavyomnusa utosini na kunong'ona, "Ana joto tamu huyu."

Nikaanza kukimbia.

Nyumbani hakukuwa na sauti. Hakuna kilio, hakuna kikohozi. Niliitundika taa kwenye msumari wake koridoni, nikarudi nyuma hadi sebuleni.

"Mama mkubwa?"

"Tunakuja," akajibu kutoka chumbani.

Chwa... chwa...

Wakapita chini ya taa.

Ikawaka!

Nilishusha pumzi. Bwana Mdogo alikuwa kifuani pake, macho wazi, ananitazama. Nikajiona mjinga, mtu mzima kumwogopa dada wa mama yangu mzazi! Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu. Vidole vyetu vikagusana.

Vyake vilikuwa vya moto.

Alitabasamu, akageuka kwenda jikoni. Peke yake. Mikono mitupu.

Taa ikamwakia.

Nilisimama nimemshika mwanangu, nisithubutu kumgusa shavu. Alikuwa amefungwa shali hadi shingoni. Nikapita naye chini ya taa, ikawaka. Lakini imewaka kwa ajili ya nani? Mimi au yeye? Nikapita tena. Ikawaka tena. Upuuzi mtupu, nisingejua hivyo hata nikipita hadi asubuhi.

Kulikuwa na njia moja tu. Nikatandika mkeka chini ya taa, nikamlaza, nikamvua shali. Nikarudi kinyumenyume hadi sebuleni. Taa ikazima.

Gizani nilimsikia akihema. Mwanangu alikuwa hai, hilo nililisikia kwa masikio yangu.

"Rusha miguu, baba," nikanong'ona. "Mrushie mama miguu."

Jikoni sufuria ikagonga. Kisha sauti ya mama mkubwa, ya upole kabisa:

"Mfunike blanketi, mwanangu. Ana baridi huyo."

Bwana Mdogo akacheka. Nikasikia visigino vyake vikipiga mkeka, pu, pu, pu, kama kila siku anapofurahi.

Nikaendelea kungoja taa iwake.