Mlango wa Pili

Walikutana kwenye duka la mbao, watu wamejaa, mashine zinapiga kelele. Yeye, msanifu wa nyumba, alivaa gauni jeupe kana kwamba vumbi halimhusu, na kila ubao aliugeuza mara mbili. Nyuma yake seremala mmoja alikuwa amechoka kungoja.

"Dada, unachagua mbao au mume?"

"Mbao ikipinda nairudisha. Mume je?"

Seremala alicheka, na mambo yakaanzia hapo. Kumbe hata kazi zao zilipatana. Dada huyu alichora nyumba zinazobadilika pamoja na familia, zenye kuta nyepesi zinazoondolewa mtoto akizaliwa na kurudishwa bibi akihamia. Mwaka ulipokatika alichora nyumba yao wenyewe, akamkabidhi seremala, sasa mchumba wake, ramani ili atengeneze milango.

Hapo ndipo shetani alipopita kati yao. Seremala alijua kusoma ramani. Aliona ukuta wa kukunjua unaoigawa nyumba mara mbili, na upande mmoja una jiko lake, choo chake na mlango wake wa nje. Badala ya kuuliza, alinuna kama mtoto na kuzima simu wiki mbili. Lakini iliuma, tusimcheke.

Siku alipoiwasha, iliita kabla hajamaliza chai.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Umechora tutakavyoachana."

"Njoo," msanifu alisema.

Alimkuta ameketi, miguu juu ya stuli. Msanifu akamweleza yote aliyomficha: ganzi iliyoanzia vidoleni, na daktari aliyethibitisha kuwa ni ugonjwa uleule uliomlaza mama yake miaka kumi na mmoja. Baba yake alivumilia miwili. Nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja tu, kwa hiyo alipoondoka alipita na sanduku lake mbele ya kitanda cha mgonjwa.

"Hukukosea," alisema. "Upande ule ni wako. Siku ukichoka, sitaki nikuone ukitoka."

Seremala alilia waziwazi. Akachukua kifutio aufute mlango ule, mwenzake akamshika mkono.

"Nioe, lakini mlango uache."

Harusi ilikuwa ndogo, bibi harusi akitembelea fimbo. Mlango ule seremala aliutengeneza mwenyewe, akaupachika, akajaribu kitasa. Ulifunguka bila kelele hata kidogo. Hajawahi kuichukia kazi yake kama siku ile.