Harufu ya Kuuzia Nyumba

Kimandazi kimoja kilikuwa kimelowa.

Zuura alikipindua kwa kidole. Alikuwa amekaanga sinia zima la borsok, vile vimandazi vidogo ambavyo hakuna nyumba ya mji wa Osh isiyovijua, akaviacha mezani kwa muda wa kutundika pazia tu. Vingine vyote vilikuwa vikavu, vimevimba vizuri. Hiki kilikuwa bapa, kimetota mate, kama kilichomung'unywa na kinywa kisicho na meno, kisha kikarudishwa kwa adabu pale pale kilipotolewa.

"Paka," akasema kwa sauti.

Nyumba ile haikuwa na paka. Akakitupa, akajifuta mkono, maana wanunuzi walikuwa njiani.

Kuremba nyumba za watu zipate kununuliwa ndiyo ilikuwa kazi yake, na mji ulimjua kwayo. Ukimkabidhi nyumba iliyochoka, ataiazimia zulia jekundu, atasogeza kabati lifunike ufa, atapanga mablanketi ya pamba ukutani hadi karibu na dari kana kwamba kuna bibi harusi anayetarajiwa. Lakini silaha yake hasa ilikuwa mafuta. Saa moja kabla ya mnunuzi kufika, anakaanga borsok. Mtu akipokewa na harufu ile mlangoni humkumbuka mama yake, moyo hulegea, na nyufa hazioni tena.

Sasa, hata mtoto wa pale anajua harufu ile ni ya nani. Siku ya Alhamisi watu hukaanga ili mafuta yanukie, kwa kuwa marehemu hushiba kwa harufu. Kisha huketi, husoma Fatiha, huwataja wafu wao kwa majina, ndipo wakala. Kukaanga bila kusoma ni kumwita mgeni karamuni halafu ukamfungia mlango usoni. Zuura hakuwa akisoma. "Hii ni biashara, si matanga," aliwajibu waliomuuliza.

Katika nyumba za wengine halikutokea lolote. Hii ilikuwa ya mama mkwe wake.

Bi Urkuya alifia humu mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani. Mwanawe Maksat, mume wa Zuura, alikuwa Kazan akiwajengea Warusi maghorofa, na agizo alilomwachia mkewe lilikuwa moja: asubuhi na jioni umtazame mama. Zuura alimtazama vizuri hadi wiki ile alipopata nyumba kubwa ya kuremba upande wa pili wa mji. Akakosa siku ya kwanza. Akakosa ya pili. Ya tatu alipofungua mlango, jiko la makaa ya mawe lilikuwa limepoa kitambo, na mama mkwe alikuwa amelala ameugeukia mlango. Akawasha jiko kwanza. Ndipo akaita majirani. Kwenye simu akamwambia Maksat, "Jana jioni alikunywa supu, akalala, hakuamka."

Tangu hapo jina la yule mama lilikataa kupita kooni mwake, na bila kumtaja marehemu dua haisomeki. Biashara ilikuwa kisingizio tu. Naye alitaka nyumba iuzwe kabla Maksat hajarudi akaketi ndani yake, akaanza kuuliza maswali.

Wanunuzi walikuwa mtu na mkewe, Asankul na Burul. Burul aliingia pua mbele.

"Kumbe pananukia hivi! We Asankul, vuta pumzi, ujue wenzako wanavyoishi."

"Tumekuja kununua nyumba au vimandazi?"

"Vyote viwili. Nikikuachia wewe uchague utanunua ukuta wenye panya, kama ule wa mjomba wako."

"Panya wa mjomba wangu walikuwa na adabu kuliko wewe."

Zuura akacheka nao, akawaacha wazunguke. Alikuwa akimimina chai aliposikia, kutoka chumba cha nyuma, kijiko kikikwangua bakuli tupu. Taratibu. Kikatulia, kikakwangua tena, kama mtu asiyeamini kwamba kweli kimekwisha.

Burul akarudi peke yake. Sauti ameishusha.

"Dada, yule bibi wa chumba cha nyuma naye anauzwa pamoja na nyumba?"

"Bibi gani?"

"Huyo aliyeketi karibu na jiko. Nimemwamkia, kimya. Nikadhani ana uzito wa masikio, nikainama." Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Ameniuliza kama nimemletea chochote. Anasema leo siku ya tatu."

Birika likagonga sinia. Zuura akaenda kuona. Ukumbi ulikuwa wa hatua sita tu, aliupima mwenyewe alipoutandikia zulia, lakini sasa kila hatua ilimkuta na harufu mpya chini ya ile ya mafuta, kwanza sufu iliyolowa, kisha majivu baridi, kisha ile ya mdomo wa mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, na alipousukuma mlango akaliona jiko alilolijaza makaa asubuhi ile likiwa limezimika na kufanya ukungu, na katikati ya rundo la mablanketi aliyoyapanga kwa mkono wake moja lilikuwa limechomolewa bila rundo kuanguka, limetandikwa sakafuni, limebonyea kwa uzito wa mtu asiyeonekana aliyelala ubavu, ameugeukia mlango.

"Mkaza mwanangu," sauti ya Bi Urkuya ikasema, ile ile, ya upole, "umechelewa. Lakini umekuja."

Burul aliisikia kutoka ukumbini. Alitoka ameshika viatu mkononi, na mumewe nyuma yake akipiga kelele, "Tutapiga simu!" Si mtu wa kupiga simu yule.

Kesho yake asubuhi Zuura akamleta Bi Salkyn, mganga wa chini ya mlima, mwanamke mfupi mwenye kiboko cha ngozi kiunoni na kifurushi cha majani ya archa ya kufukizia. Hakuketi wala hakunywa chai. Alinusa hewa, akauliza:

"Umekaanga mara ngapi humu?"

"Mara tisa. Au kumi."

"Ukasoma?"

"Sikusoma."

"Mjinga wewe. Tena mjinga hodari wa kazi."

Zuura akaanza kulia, na katika kulia akatoa yote: ile nyumba kubwa, zile siku tatu, supu ambayo haikupikwa. "Mama ana haki ya kunikasirikia," akanong'ona. "Anataka nini kwangu? Nitampa."

"Mama mkwe wako hayumo humu. Amekwenda kwa Mola wake na hajakudai hata punje. Huyu ni jini." Bi Salkyn akawasha majani, moshi ukapanda. "Amevaa sauti ya marehemu kwa sababu wewe umeitupa. Neno likifichwa halina mwenyewe, kila mpita njia hulivaa."

"Lakini amejuaje kuwa ni siku tatu? Sikumwambia mtu. Hata ukuta sikuuambia."

Mganga alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima iwapo mwenzake ataweza kubeba.

"Mwanangu, majini hawajui ya ghaibu. Wanajua walichokiona."

Zuura hakuelewa. Kisha akaelewa, akakigeukia chumba cha nyuma, alimolala mama zile siku tatu.

"Mpigie mumeo," Bi Salkyn akasema, akichomoa kiboko. "Mweleze mbele yangu. Na atakachokuuliza umjibu kweli. Ukichanganya uongo hata chembe, huyu atarudi kwa mlango huo huo."

Simu ikaita Kazan. Maksat akaitikia juu ya kelele za mashine, akicheka, akidhani ni habari za mnunuzi. Zuura akamwambia. Alimtaja mama yake kwa jina, Urkuya, jina likamkwaruza koo kama mfupa; akamtajia siku moja baada ya nyingine, na kadiri alivyosema ndivyo kijiko kule nyuma kilivyokwangua kwa kasi, kwa hasira, hadi kiboko kilipolia hewani mara tatu na kitu kikubwa, cha baridi, kikawapita wote wawili mlangoni, kikapeperusha pazia, na ng'ambo ya barabara mbwa wa jirani akajikunyata chini ya gari.

Nyumba ikanyamaza. Bi Salkyn akakunja kiboko chake.

Upande wa pili wa simu mashine nazo zilikuwa zimezimwa.

"Zuura," Maksat akasema hatimaye. Alikuwa akilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti. "Niambie kitu kimoja tu. Mama yangu alikufa peke yake?"

Zuura akamtazama mganga. Mganga akainamisha macho.

"Hapana," akasema.

Akaisikia pumzi ya mumewe ikishuka, ndefu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," Maksat akasema. "Alikuwa na nani?"