Bima ya Gari la Maharusi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Rhobi alichota maji na kuyapanga karibu na banda la gari. Ndoo moja ilikuwa ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Kitambaa cha boneti hakikuruhusiwa kugusa magurudumu, na kitambaa cha magurudumu hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote. Babu yake, Mzee Maige, alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa fimbo: pale chini ya taa, pale pembeni ya kioo, hapo umeruka.

Nyumba yao ilikuwa Kabasa, mjini Bunda. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya rangi ya maziwa, iliyotengenezwa mwaka 1968. Babu alilinunua enzi zile alipokuwa karani wa pamba. Gia yake ilikuwa kwenye usukani, viti vyake vilikuwa vipana kama makochi, na mlango wake ukifungwa ulitoa sauti nzito, si kama milango ya magari ya siku hizi inayolia kama kopo.

Watu wa Bunda na wa vijiji vya Butiama walilipenda gari hilo kwa harusi. Bibi harusi aliketi kiti cha nyuma, na Babu aliendesha taratibu sana, hata akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele waliweza kutembea ubavuni bila kuhema. Babu hakupokea hata shilingi moja. Alisema binti wa watu habebwi kwa nauli. Lakini siku chache baada ya harusi, wazee wa bibi harusi walileta mbuzi, wakamfunga kwenye bampa ya mbele, wakanywa chai na kwenda zao. Mbuzi hao walikuwa na zizi lao. Nyumbani waliitwa mbuzi wa gari, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi wa saba, kwenye harusi moja huko Butiama, kijana wa bodaboda aliyekuwa akishangilia alilikwaruza gari ubavu mzima, akavunja taa, kisha akatokomea. Gari lilikuwa na bima ndogo tu. Bima hiyo humlipa mtu uliyemgonga wewe. Gari lako mwenyewe likiumia, ni shauri lako. Baba yake Rhobi, Gabriel, aliyekuwa akifanya kazi machimboni Buhemba, ndiye aliyelipa matengenezo. Nyumba yake aliyokuwa akijenga ikabaki nusu na bati, nusu bila bati.

Basi mwezi wa tisa, bima ndogo ilipokaribia kuisha, Gabriel alipiga simu. Alisema maneno machache. Babu atafute bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe likiumia. Akikosa, kuna mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mwanza atakayekuja Jumamosi. Yeye hawezi kujenga nyumba na huku anatengeneza gari.

Babu alimrudishia Rhobi simu, akabaki anatazama ukuta.

Habari hiyo ilifika bombani kabla ya jioni. Onesmo, aliyekuwa akisoma darasa la sita pamoja na Rhobi, alikuwa ameketi juu ya dumu lake. "Babu yako asihuzunike," alisema. "Atalionaga tena gari lake. Akienda dukani kununua sufuria, ndilo hilo." Watoto wengine wakacheka. Rhobi alijitwisha ndoo akaondoka, maji yakimwagikia mabegani.

Ilikuwa likizo fupi, kwa hiyo Babu alimchukua Rhobi awe macho yake, maana maandishi madogo yalikuwa yamemshinda. Walianzia kwa Florian, wakala wa bima mwenye kibanda karibu na stendi ya Bunda. Florian aliposikia mwaka wa gari, aliweka kalamu chini.

"Shikamoo ya gari, Mzee," alisema. "Hiyo gari imemzidi umri baba yangu. Bima kubwa hawatoi kwa gari kuukuu namna hiyo. Nikupe ndogo, ndiyo iliyopo."

Babu alieleza kwa upole kwamba ndogo haitamridhisha mwanawe. Florian alikuna kichwa. Mwisho alisema kuna mama mmoja Musoma, anaitwa Consolata, ofisi yake iko Iringo. Huyo hukubali gari la zamani, ilimradi ni la nyumbani na limetunzwa. Kisha akainama karibu.

"Ila mkifika, harusi msizitaje. Mimi mwenyewe nilicheza nyuma ya hiyo gari dada yangu alipoolewa, lakini mbele ya bima gari la harusi ni gari la biashara."

"Mimi sifanyi biashara," Babu alijibu. "Sina cha kuficha wala cha kutaja."

Rhobi aliyapenda maneno hayo. Aliyashika njia nzima kesho yake, Jumatano, walipokwenda Musoma kwa Pijo yenyewe, wakapita Kiabakari, wakafika Makutano. Pale Makutano trafiki aliwasimamisha. Rhobi akashtuka, kumbe alitaka kupiga picha na gari. Aliegemea boneti, akatabasamu, akamsifu Babu kwa utunzaji. Babu alimuuliza kama anajua mahali pa kupata bima kubwa. Trafiki akasema hilo hajui, akawapisha.

Ndivyo ilivyokuwa Musoma pia. Kila mtu alilisifu gari, na hakuna aliyeweza kulisaidia. Kwenye ofisi ya kwanza kijana mwenye tai aliandika mwaka 1968 kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Alimgeuzia Babu ile kompyuta ili aone mwenyewe, ingawa Babu hakuweza kuyasoma maandishi yale madogo.

"Mfumo hauikubali, Mzee."

"Nikiomba nizungumze na mtu asiye mfumo?"

Kijana akacheka kwa aibu. Alisema hata bosi wake akiulizwa, atauliza mfumo. Ofisi ya pili dada wa mapokezi aliwaambia waache namba ya simu, watapigiwa. Yule dada aliiandika namba kwenye kiganja chake, na Rhobi akaona mkono ule ule ukienda kwenye beseni la kunawia kabla hawajatoka mlangoni. Hakumwambia Babu.

Kwa Mama Consolata mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliitikia shikamoo ya Rhobi, akamwamkia Babu, kisha badala ya kuketi mbele ya kompyuta akateremka ngazi kwenda kuliona gari. Alifungua milango, akainusa injini, akapiga picha kila upande. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipeperusha kitenge chake, naye hakujali. Alimuuliza Babu nani mwingine analiendesha, linalala wapi, limewahi kugongwa. Babu alijibu yote, hata la pikipiki, ila hakusema lilikuwa limekwenda Butiama kufanya nini.

"Na kazi yake?"

"La nyumbani. Kanisani, kutembelea ndugu."

Mama Consolata alitikisa kichwa kukubali. Alisema gari kama hili akiliandika ni la nyumbani, anaweza kulipatia bima kubwa siku hiyo hiyo. Rhobi aliona mabega ya Babu yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha yule mama akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jambo analowaambia wateja wote: kampuni hulipa kwa yale iliyoambiwa. Ikija kugundua hali ilikuwa nyingine, hailipi, na hakuna wa kulaumiwa.

Rhobi alimtazama Babu. Babu alitazama ziwa. Rhobi alikumbuka siku ile Butiama, taa imevunjika, watu wote wamesimama na nguo zao nzuri, na Babu ameshika kipande cha kioo bila kujua akiweke wapi. Akaiona siku nyingine kama ile, Babu ameshika tena kipande cha kioo, na simu ya kampuni inamwambia hapana.

"Mama," alisema, "hili gari linabebaga maharusi."

Yule mama aliivaa miwani yake.

"Wanalipa?" Mama Consolata aliuliza.

"Hawalipi. Wanaletaga mbuzi."

"Mbuzi ni asante," Babu alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mtu akikushukuru, utamkatalia?"

Mama Consolata hakucheka. Alisema anaelewa, hata kwao ni hivyo hivyo, baba yake alikuwa na trekta na kuku wake hawakuisha. Lakini kwa bima, gari linalobeba watu kisha likaletewa kitu, limefanya kazi ya malipo, kiwe noti au kiwe na pembe. Ile bima aliyotaka kuwapa haiwafai tena. Itambidi awaulize wakubwa wake Mwanza, na hawezi kuahidi lolote.

Walirudi Bunda bila bima. Walipofika, Rhobi alisimama mbele ya Babu.

"Babu, nimeliua gari?"

"Nenda kanawe uso, mjukuu wangu," Babu alijibu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri. Simu iliwekwa dirishani, mahali penye mtandao mzuri. Ilipolia, Rhobi alikimbia, lakini mara alikuwa fundi wa bati, mara ni watu wa Butiama wanaotaka gari kwa harusi ya binti yao mwezi ujao. Babu aliwaambia atawajibu. Hakuwaambia lini. Ijumaa Rhobi alimpigia Mama Consolata, akaambiwa Mwanza bado hawajasema kitu. Hakukuwa na mwingine wa kumpigia.

Jumamosi Gabriel alifika mapema kutoka Buhemba, na nyuma yake mnunuzi na lori lake. Mnunuzi alilizunguka gari akigonga milango kwa vidole na kusikiliza unene wa chuma. Alisema vyuma vya zamani vina uzito. Babu alianza kutoa vitu vyake ndani ya gari, kimoja kimoja: mwavuli, mto wa kiti, maua ya plastiki ya mbele, utepe mweupe uliosahauliwa na maharusi. Kila kitu alimpa Rhobi akishike, mpaka mikono ya Rhobi ikajaa, na mtoto hakuweza hata kujifuta machozi.

Hapo ndipo bajaji iliposimama njiani, akashuka Mama Consolata pamoja na fundi mkaguzi mwenye ovaroli.

Mama Consolata aliomba radhi kwa kuja bila kupiga simu. Jibu lilikuwa limemfikia jioni iliyopita, na ukaguzi haukuweza kungoja. Mwanza wamekubali, lakini kwa masharti. Gari liandikwe ni la kubeba watu kwa malipo. Liendeshwe na Babu peke yake, mchana tu, ndani ya mkoa wa Mara. Thamani yake wakubaliane sasa, na likiumia walipwe kwa thamani hiyo. Na kwanza likaguliwe.

Fundi alilala chini ya gari, akakaa huko kitambo. Alipotoka alisema bomba moja la breki limeliwa na kutu. Bima haitaanza mpaka libadilishwe.

Gabriel, aliyekwisha kusimuliwa safari ya Musoma, alishika kiuno. "Mama, Jumatano si ulikuwa na bima ya siku hiyo hiyo, tena nafuu? Masharti haya yote yametoka wapi?"

"Yametoka kwa binti yako," Mama Consolata alisema. "Nakuuliza wewe. Ile pikipiki iliwakwaruza mkiwa wapi?"

"Harusini."

"Basi ingewakwaruza tena ningeuliza hivyo hivyo, na ungenijibu hivyo hivyo. Ile bima ya Jumatano ingekuwa nafuu kwa sababu isingelipa."

Gabriel alilitazama gari, akamtazama baba yake, kisha akaenda kuzungumza na mnunuzi. Mnunuzi hakukasirika. Alisema chuma hakiozi upesi, wakibadili mawazo wampigie. Lori likageuza na kuondoka.

Lilibaki lile neno la malipo, ambalo Babu hakulipenda. Aliomba libadilishwe liwe asante. Mama Consolata akasema kwa heshima kwamba hilo haliwezekani. Mwishowe Babu akasema, "Haya, liandike."

Wageni walipoondoka, na Gabriel alipokwenda mjini kutafuta bomba la breki, Babu alimwita Rhobi kibarazani.

"Jumatano pale Iringo nilikukasirikia," alisema. "Niliona umenivua nguo mbele ya mgeni. Nilijiambia sijadanganya neno, na kweli sikudanganya. Ila lile neno lenye uzito nililikalia. Sasa sikiliza. Mtu akitaka kukusaidia, mwambie hali yako yote ilivyo, hata ile inayokuaibisha. Usipomwambia, atamsaidia mtu mwingine ambaye siye wewe, na siku ya shida utajikuta huna kitu mkononi."

"Ndiyo, Babu."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Sana. Bado naogopa."

"Hata mimi," Babu alisema.

Simu ililia dirishani. Walikuwa wale watu wa Butiama, wanauliza kwa mara ya tatu kama gari litapatikana. Rhobi alimpelekea Babu. Mzee Maige aliwaamkia, akawauliza hali ya mifugo, kisha akawaeleza kwamba atakuja, lakini bibi harusi awe ameshafika kwa mumewe kabla jua halijazama, kwa kuwa usiku haruhusiwi. Akawaambia pia kwamba gari sasa limeandikwa ni la malipo. Na kabla hajakata simu, akawaambia hata kuhusu lile bomba la breki.