Ukuta Uliochaguliwa na Mtu Mmoja

Asubuhi ile, kama asubuhi nyingi za kipindi kile, chai ilipoa mezani kwa sababu ya ukuta. Mama alikuwa amesimama katikati ya jikoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Utakuwa mzuri vipi?" alifoka. "Kaka yangu, mzuri si kipimo! Mzuri laini au mzuri wa kukwaruza? Mzuri wa rangi ya majivu au wa rangi ya chokaa? Ukiniambia mzuri tu, kesho utamwaga uji pale halafu useme nilikubali!"

Binti yake alitafuna mkate taratibu. Shule nzima ilimwita Spika, kwa kuwa tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza, na kila darasa lilipokuwa na jambo la kumwambia mwalimu, yeye ndiye aliyesukumwa mbele. Alijua upande wa pili wa simu yuko mkandarasi, yule mjenzi mkuu aliyepewa kazi ya jengo jipya la shule yao. Alijua pia kwamba hivi sasa mkandarasi ameiweka simu mbali na sikio lake.

Mama alikuwa msanifu majengo. Kazi yake ilikuwa kuchora jengo, kisha kueleza kila sehemu yake itokeeje, kabla mtu hajachanganya saruji. Kamati ya wazazi ilikuwa imempa sharti moja tu: kuta zisipigwe plasta. Zege libaki wazi, lionekane lilivyo.

Wapita njia walicheka. Jengo gani hilo lisilovaa nguo? Lakini wazazi wale walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ikikaa sana bila kujibiwa hugeuka hasira. Jengo la zamani walilipokea kwa hotuba na makofi, plasta nyororo, rangi ya maziwa. Mvua za pili hazijaisha, plasta ikaanza kudondoka juu ya madawati, na nyuma yake zege lilikuwa na mashimo ya kuingia ngumi. Waliohutubia hawakuonekana tena. Mmoja alipobanwa njiani alijibu, "Si mlitaka jengo zuri? Mlipewa zuri." Wazazi wakamwachia njia, maana hakuna aliyekuwa amesema zuri ni lipi.

Sasa, zege lililo wazi halina msamaha. Likishakauka, sura yake ndiyo hiyo, na ukilibandika kiraka, kitaonekana kama kiraka cheupe kwenye suruali nyeusi. Lazima kila kitu kisemwe mapema, tena kwa kuonyeshana. Ndiyo maana mama alimlazimisha mkandarasi ajenge vipande vitatu vya mfano nyuma ya uwanja wa shule, kila kimoja kimo cha mtu mzima. Cha kwanza kilimwagwa ndani ya plaiwudi, ikafunguliwa kilipokauka, kikatoka laini kama sahani. Cha pili kilimwagwa ndani ya mbao zisizopigwa randa kulainishwa, kikatoka na mistari na mafundo, ungedhani ni mbao zenyewe. Cha tatu kilifunguliwa mapema, kikasuguliwa kwa brashi na maji kabla hakijakomaa, kokoto zikachomoza nje zikimetameta juani.

Kamati ilisema wanafunzi ndio wachague, kwa kuwa ndio watakaoishi na kuta hizo. Mwalimu mkuu akampa Spika kazi ya kuuliza madarasa yote.

"Kabla ya Ijumaa," mama alimkumbusha, sasa akivaa kiatu cha pili. "Bila jibu, huyu bwana atasema muda umekwisha, ataturudishia plasta yake. Uwaulize wote. Si hao rafiki zako wa dawati la mbele tu. Unanisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia, au mkate umekunyamazisha?"

"Vyote viwili."

Siku ya kwanza kulikuwa na mpira. Siku ya pili jua lilikuwa kali. Kesho ikazaa kesho, na Alhamisi jioni Spika alikwenda nyuma ya uwanja peke yake. Alisimama mbele ya vipande vitatu, mikono mfukoni. Kile cha kokoto kilikuwa kinawaka kama kimenyunyiziwa nyota. Nani asingekipenda hiki? Kuwauliza watu jambo ambalo jibu lake unalijua, alijiambia, si ni kupoteza muda tu?

"Wamechagua kokoto," alimwambia mama usiku ule wakila.

"Wote?"

"Wote."

"Hata wadogo wa darasa la kwanza?"

"Hata wadogo, mama. Walishangilia."

Mama aliweka kijiko chini akatabasamu. "Unaona sasa? Watu wakiulizwa, wanajua wanachotaka." Akachukua simu.

Ukuta wa kwanza kukamilika ulikuwa mfupi, ule wa kuingilia ujia wa jengo jipya, ambao kila darasa lilipita likienda uwanjani. Mbao zilipofunguliwa na kokoto kusuguliwa, hata wauza magazeti walisimama kuutazama. Mama aliupiga picha. Spika alitembea akiwa ameinua kidevu.

Kisha kengele ya mapumziko ikalia.

Ujia ulikuwa mwembamba. Mnajua wanafunzi wanavyotoka darasani kengele ikilia. Hakuna anayetoka, kila mtu anamwagika. Kitufe, mtoto wa darasa la kwanza ambaye shati lake halikuwahi kuwa na vifungo vyote, alisukumwa ukutani. Kokoto zilimchuna ngozi kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Nyuma yake msichana mmoja alinaswa sweta, akavuta, sweta likabaki na tundu. Mwingine akapata mchubuko shavuni. Mapumziko yalipokwisha, sanduku la dawa la mwalimu lilikuwa limeishiwa pamba.

Mama alikuja mbiombio, vumbi hadi magotini. Mkandarasi alikuwa amekwisha kufika.

"Kazi gani hii?" mama alimvaa. "Watoto wanachunika! Umesugua mpaka kokoto zimetoka kama meno!"

"Dada, taratibu," mkandarasi alisema, uso umemkunjamana. "Njoo upime na kipande cha mfano. Ni kilekile. Bintiyo ndiye aliyeleta jibu."

"Binti yangu alileta jibu la shule nzima! Wanafunzi walikiona, wakakichagua. Waulize!" Mama akageukia kundi la wanafunzi waliokuwa wamezunguka. "Haya, wanangu. Mwambieni. Nani kati yenu alichagua kokoto?"

Wanafunzi wakatazamana. Mvulana aliyeitwa Miwani, kwa sababu ya vioo vizito ambavyo hata hivyo havikumsaidia kuona mbali zaidi ya mkono wake, aliuliza kwa upole, "Kuchagua wapi, mama?"

Mama alimtazama Spika. Macho ya shule nzima yakamfuata. Spika, akitaka, angeweza kusema wamesahau. Lakini mama alikuwa amesimama mbele ya mkandarasi akiwa amenyoosha kidole, akilitetea neno la mwanawe, na neno lenyewe lilikuwa tupu.

"Mama, sikuwauliza," alisema. "Niliangalia peke yangu. Nikasema wote."

Kidole cha mama kilishuka polepole.

"Naona!" mkandarasi aliruka. "Miezi yote hii unanitoa jasho: sema wazi, onyesha, uliza! Mimi nikikosea, ni mwizi. Mtoto wako akikosea, ni mtoto!"

Watu walingoja mama alipuke. Akamgeukia mkandarasi. "Ni kweli, kaka. Kosa limetoka nyumbani kwangu. Na mimi nilimwamini bila kumuuliza aliulizaje. Samahani."

Mkandarasi hakuwa amezoea neno hilo kutoka kwake, akakuna kichwa. "Ukuta mrefu wa ujia namwaga zege kesho mchana. Mbao ziko tayari kufungwa. Mkiniletea jibu linaloeleweka kesho asubuhi, nitazifunga mtakavyo. Mkichelewa, namwaga kwa kokoto kama nilivyoambiwa, na msinipigie simu."

"Na wewe," mama alimwambia Spika, sauti ya chini inayouma kuliko ya juu, "ulikula chakula ukinitazama machoni. Haya. Kazi yako iko palepale ulipoiacha."

Spika alianza na Kitufe, mkono umefungwa bandeji. Alimwomba msamaha kwanza. Kitufe alimwambia bandeji ni nzuri, ila inawasha. Kisha Spika akaita madarasa nyuma ya uwanja, moja baada ya jingine, akauliza, "Mnataka kipi?" Zikawa kelele. Nusu walipiga kelele "Kokoto! Zinang'aa!" akiwamo aliyetobolewa sweta. Spika alishika kichwa. Angalau sasa alielewa kwa nini mama hupoteza chai kila asubuhi.

"Hapana, subirini," alisema. "Msiniambie kipi kinapendeza. Vaeni mabegi. Piteni hapa kama kengele imelia. Egameni. Pitisheni mikono."

Wakapita. Mambo yakageuka. Wadogo waliogopa kokoto, wakakimbilia kile laini, lakini kiwiko kimoja chenye jasho kiliacha doa, na dada mmoja wa darasa la juu akasema, "Hiki baada ya muhula mmoja kitakuwa kitambaa cha kufutia pua." Kwenye kile cha mbao, mabegi yalipita bila kunaswa, na alama za mikono zilipotelea katika mistari.

Miwani alipita wa mwisho. Aliweka kiganja juu ya kipande cha mbao, akakisogeza kushoto, kulia.

"Mistari hii imesimama," alisema. "Ikilazwa je?"

"Kwa nini ilazwe?"

"Ikilala, itaelekea mahali. Mkiifikisha mpaka mlango wa darasa, mimi nitaifuata kwa kidole. Sitangoja mtu anishike mkono kama mtoto mchanga."

Spika alimtazama. Walikuwa wamekaa darasa moja tangu la kwanza, na siku zote Spika ndiye aliyemsemea.

Asubuhi, kabla mafundi hawajafunga mbao, Spika alisimama mbele ya mkandarasi, mama akiwa nyuma yake amefunga mdomo kwa nguvu zote.

"Tunaomba mbao zisizopigwa randa, lakini zisiwe na vibanzi, kama kipande cha mfano cha pili," Spika alisema. "Zilazwe. Mistari isikatike kuanzia mwanzo wa ujia mpaka mlango wa mwisho. Na kona zote zikatwe ncha, zisiwe kali, kwa sababu wadogo hugonga pale."

"Nani kasema?"

"Habari ya kona wamesema wadogo wa darasa la kwanza. Kuilaza mistari, Miwani. Ukitaka, nenda ukamuulize mwenyewe."

Mkandarasi alikwenda kumuuliza. Kisha akawaambia mafundi walaze mbao.

Ule ukuta mfupi wa kokoto haukubomolewa wala kufunikwa. Mama alisema uwekewe benchi la zege mbele, watu wakae mbali nao kidogo, na mgeni akiuliza kwa nini hauendani na mwenzake, Spika ndiye atakayemweleza.

Siku mbao za ujia zilipofunguliwa, mistari ilitokea kijivu, imelala sawasawa. Miwani aliweka kidole kwenye mmoja wao, akaanza kutembea. Hakuna aliyemshika. Alipofika mlangoni aligonga, ingawa ulikuwa wazi, watu wakacheka naye.

Mama alimvuta Spika kando.

"Nisikilize vizuri. Kusema sana si kosa, umerithi kwangu. Lakini ukitumwa kuleta maneno ya watu ukaleta yako, umewaibia, hata kama yako ni matamu. Waliotujengea lile jengo la zamani hawakuwa wakatili. Walidhani wanajua tunachotaka, wakaona uvivu kutuuliza. Uvivu wako na wao ni ndugu, mwanangu. Uliza. Ukishauliza, msubiri yule ambaye hajajibu bado."

"Na asipojibu?"

"Basi hujauliza vizuri," mama alisema. "Mrudie."